Magitaa mawili yanayofanana yapimwe nyuma ya kanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili nijibu makala iliyotoka hivi karibuni katika safu ya burudani, ambamo mwandishi wenu alisema kwamba mtu aliyezoea muziki wa dansi hulitambua gitaa la umeme lililotengenezwa Marekani tangu akiwa mlangoni, na kwamba yale yanayofanana nalo kwa umbo lakini yametoka Indonesia au China hayawezi kulifikia kwa sauti hata yakitiwa dawa. Nimepiga gitaa la ridhimu, na baadaye solo, katika bendi za hapa Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiyasema maneno hayohayo kwa kiburi kumshinda yeye. Siku hizi siyasemi tena, kwa sababu ya jaribio tulilofanya nyumbani kwangu Makorora, ambalo lilinivua nguo mbele ya mpwa wangu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Dar es Salaam na fedha iliyotosha kununua pikipiki, nikaingia katika duka moja la vyombo ambalo sina haja ya kulitaja. Muuzaji alinipigia magitaa mawili ya umbo la Stratocaster, umbo ambalo kampuni ya Fender ililitoa mwaka 1954 na ambalo tangu hapo limeigwa kila mahali. La kwanza lilikuwa Squier, jina ambalo kampuni hiyohiyo huliweka kwenye magitaa yake ya bei nafuu, na la pili lilikuwa Fender lenyewe lililotengenezwa Corona, California. Alichomeka la kwanza akapiga, akalichomoa, akachomeka la pili bila kugusa kitu chochote kwenye amplifaya. La pili likanijia kifuani. Besi ilijaa, nyuzi nyembamba ziling'aa, nami nikalipa bila kubakiza hata nauli ya kunirudisha Tanga. Simlaumu muuzaji, maana naamini na yeye alikuwa akisikia vilevile. Ilinichukua miaka kutambua kwamba lile la pili pikapu zake zilikuwa zimeinuliwa hadi karibu na nyuzi, na kwa hiyo kilichonitoa fedha mfukoni kilikuwa ni ukubwa wa sauti tu.

Pikapu ninayoisema hapa si gari la kubebea mkonge. Ni kifaa kidogo kinachokaa chini ya nyuzi, chenye sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya huo, na umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Ukiisogeza pikapu juu kwa milimita moja tu, umeme unaongezeka. Sasa sikio la binadamu lina tabia ambayo wataalamu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, waliieleza kwa vipimo tangu mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio huzisikia hafifu zaidi zile za chini kabisa na zile za juu kabisa, na sauti ikiongezeka, hizo nazo hujitokeza. Kwa hiyo ukiongeza desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, moja au mbili tu bila kumwambia msikilizaji, hatasema kwamba sauti imeongezwa. Atasema kwamba imekuwa nene, imekuwa tamu, ina uhai. Atatafuta maneno yote ya sifa isipokuwa lile moja la kweli.

Jaribio lenyewe lilikuwa la kienyeji. Tulifunga kamba kutoka nondo ya dirisha hadi msumari wa ukutani, tukatundika kanga mbili za mke wangu, na moja ya hizo ilikuwa imeandikwa "Usione vyaelea, vimeundwa", jambo ambalo hatukulipanga. Mpwa wangu, ambaye hupiga solo katika bendi ya vijana, alikaa nyuma ya kanga na magitaa mawili: lile langu la California na Squier yake, amplifaya moja, waya mmoja wa mita tatu na risha moja. Magitaa yote mawili yalifungwa nyuzi mpya za aina moja, zenye unene wa kuanzia inchi 0.010 hadi 0.046. Hilo la nyuzi nalisisitiza kwa sababu tunaishi pwani. Hewa ya chumvi hula chuma, na uzi uliokaa wiki tatu kwenye gitaa, ukapata kutu na jasho la vidole katika mikunjo yake, hupoteza mng'aro wote wa sauti za juu. Nimewahi kumsikia mtu pale Ngamiani akilisifu gitaa jipya na kulibeza la zamani, kumbe alikuwa akisifu nyuzi.

Wasikilizaji tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, jirani yangu ambaye ni fundi redio, na dada mmoja mwimbaji aliyekulia katika taarabu ya hapahapa Tanga, ile ambayo tangu enzi za Black Star na Lucky Star imekuwa na gitaa la umeme ndani yake. Mara ya kwanza tulifanya kama wafanyavyo watu wote, bila kusawazisha ukubwa wa sauti. Sote wanne tulilichagua gitaa lilelile kuwa ndilo tamu, na kweli lilikuwa la Marekani. Nikaanza kupiga makofi. Mpwa wangu akachungulia nyuma ya kanga na bisibisi mkononi, akasema, "Mjomba, subiri kwanza." Akazishusha pikapu za gitaa langu, akazipandisha za kwake, akarudi kupiga wimbo uleule. Safari hii sote tukachagua Squier, na mimi ndiye niliyesema kwa sauti kuliko wote kwamba mlio huo ni wa California, hauwezi kufichika.

Baada ya aibu hiyo tukaamua kufanya kazi kwa utaratibu. Simu yenye programu ya kupima desibeli iliwekwa juu ya kigoda, mita moja kutoka kwenye spika, na mpwa wangu akarekebisha pikapu za magitaa yote mawili mpaka tofauti ikawa haizidi nusu desibeli. Kisha akawa anarusha sarafu ya shilingi mia mbili kabla ya kila mzunguko: ikiangukia upande wa simba anapiga Fender, ikiangukia upande wa Mzee Karume anapiga Squier. Mizunguko ilikuwa 16, na kila msikilizaji aliandika jibu lake kwenye karatasi bila kumtazama mwenzake. Anayebahatisha tu hutarajiwa kupata kama 8, na kufikisha 12 au zaidi kwa bahati humtokea mtu takriban mara 4 tu kati ya 100. Mke wangu alipata 7, fundi redio 8, na mimi mwenye miaka thelathini ya jukwaani nikapata 9.

Dada mwimbaji alipata 13.

Hapo nilifurahi, lazima nikiri, kwa kuwa niliona kwamba angalau yuko mtu mmoja ambaye sikio lake linamtetea mwandishi wenu. Nikamuuliza alikuwa akisikia nini. Akanijibu, "Kaka, mimi sijui la Marekani wala la wapi. Lile moja uzi wake mmoja, mkono ukipanda katikati ya shingo, unavuta juu kidogo. Huo ndio niliokuwa nikiusubiri." Tukachukua tyuna, kile kifaa cha kuonyesha kama uzi umekaa sawa, tukapiga uzi wa tatu wa Squier ukiwa wazi, ukawa sawasawa, tukaubana kwenye freti ya kumi na mbili, yaani kimojawapo cha vile vyuma vilivyolazwa kwenye shingo, ukasoma senti 9 juu ya pale unapotakiwa kuwa, na senti 100 ndizo hufanya nusu toni. Mimi, mpiga gitaa, nilikuwa sijausikia. Yeye ambaye maisha yake yote amekuwa akitafuta mahali pa kuikalisha sauti yake kati ya kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, na fidla, aliusikia katika mzunguko wa pili. Mpwa wangu akakirudisha nyuma kijidaraja cha uzi ule, yaani kipande cha chuma ambacho uzi hukalia, kwa bisibisi, kazi ya dakika mbili, tukarudia mizunguko yote 16. Dada akapata 8, akacheka, akasema sasa anakwenda kupika.

Mhariri, naomba wasomaji wako wakitazame vizuri kisa hiki, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo wengi wetu hulikosea. Mtu anaweza kuyatofautisha magitaa mawili kwa usahihi kabisa na bado akawa hajasikia tofauti ya sauti za magitaa hayo. Anaweza kuwa anasikia uzi usiokaa sawa, freti inayokwaruza, au mvumo wa umeme wetu wa hezi 50 ambao gitaa moja huuvuta zaidi kwa kuwa limeelekezwa kwenye taa au kwenye transfoma ya amplifaya. Kisha hurudi kwa wenzake na kusema kwamba lile la Marekani lina "roho".

Fundi redio hakuridhika. Alisema kwamba kati ya gitaa moja na jingine panapita karibu dakika nzima ya kuchomoa, kuchomeka na kuhakikisha nyuzi, na kwamba sikio haliwezi kuikumbuka sauti kwa undani kwa muda huo wote. Alikuwa na haki, kwa maana kumbukumbu ya namna hiyo huanza kufifia katika sekunde chache tu. Basi siku ya pili tulirekodi kifungu kimoja cha sekunde nne kwa kila gitaa, tukasawazisha ukubwa wa sauti kwenye kompyuta, tukawa tunaruka kutoka kimoja hadi kingine papo hapo. Na hapo tofauti ilijitokeza. Fundi alipata 13 na mimi 12, kwa sikio la halali safari hii, kwa sababu Squier ilikuwa imefifia kidogo katika sauti za juu, kana kwamba mtu ameitandikia spika kitambaa chepesi.

Fundi aliyafungua magitaa yote mawili juu ya meza yangu ya chakula na kuweka mita yake kwenye volyumu, yaani kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha kuongezea sauti. Kwa magitaa ya aina hii kifaa hicho hutakiwa kuwa na ukinzani wa kiloomu 250, lakini viwanda vingi huruhusu kipungue au kizidi kwa asilimia 20, kwa hiyo chochote kati ya 200 na 300 kinapita. Cha Fender kilisoma 268. Cha Squier kikasoma 214. Ukinzani ukiwa mdogo, sehemu ya umeme wa zile sauti za juu hupotea kabla ya kufika kwenye waya, na hicho ndicho kitambaa tulichokuwa tukikisikia. Tulitafuta volyumu nyingine iliyosoma 262, ambayo bei yake haifiki kilo moja ya nguru pale Deep Sea, fundi akaichomelea, tukarekodi upya. Mimi nikapata 9, yeye 7. Nililitazama gitaa langu la bei ya pikipiki likiwa wazi pale mezani, nikaenda kunywa maji.

Ningependa isidhaniwe kwamba nadai magitaa yote yana sauti moja. Ili kuhakikisha kwamba masikio yetu hayakuwa na nta, tuliazima kwa kwaya ya jirani gitaa lenye pikapu za koili mbili, zile ambazo Gibson ilianza kuzifunga kwenye magitaa yake mwaka 1957, na tukalichanganya na hayo mawili. Hakuna aliyelikosea hata mara moja. Koili mbili zilizozungushwa kinyume hufuta mvumo wa umeme, lakini pia huusikiliza uzi katika sehemu mbili kwa wakati mmoja, na hivyo baadhi ya mitetemo ya juu hupotea na sauti huwa nzito na laini. Hiyo ni tofauti ambayo hata mwanangu wa darasa la tano aliisikia akiwa uani. Hoja yangu inahusu magitaa ya aina moja, yenye pikapu za namna moja na urefu uleule wa uzi, ambayo hutofautiana kwa nchi yalikotoka na kwa jina lililoandikwa kichwani.

Wala jambo hili si la magitaa peke yake. Mwaka 2010 huko Indianapolis, Marekani, mtafiti Claudia Fritz na wenzake waliwavisha wapiga fidla 21 miwani ya giza ya wachomeleaji, wakawapa fidla sita: tatu mpya, mbili za Stradivari na moja ya Guarneri, mafundi mashuhuri wa kale wa Italia, zilizokuwa na thamani ya mamilioni ya dola. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba wengi hawakuweza kusema ipi ni ya kale na ipi ni mpya, na kwamba fidla iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa mojawapo ya zile za Stradivari. Hao walikuwa ni watu wanaoishi kwa fidla. Nilipoisoma habari hiyo nilijisikia nafuu kidogo kuhusu zile 9 zangu.

Mwandishi wenu alitoa mfano wa rekodi za zamani za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, akisema kwamba utamu wa solo zile ulitokana na ubora wa magitaa ya wakati ule. Kwangu mimi, rekodi zile zinashuhudia kinyume chake. Vyombo katika bendi zetu, kama anavyojua kila aliyepita humo, vilikuwa mara nyingi mali ya klabu au ya mwenye bendi. Mpiga solo alipohama aliliacha gitaa ukumbini na kwenda kushika jingine asilolijua, wakati mwingine lenye nyuzi zilizounganishwa kwa fundo. Nikimsikiliza Mbaraka Mwinshehe akiwa Morogoro Jazz, kisha nikamsikiliza baada ya mwaka 1973 alipounda Super Volcano, sihitaji kuambiwa ni nani anayepiga. Kidole kinauvuta uzi vilevile, risha inagonga mahali palepale, na ile subira yake kabla ya kuingia haikubaki Morogoro. Jaribu tu kupiga uzi mmoja karibu na daraja, kisha uupige tena karibu na shingo, kwa gitaa hilohilo: utasikia tofauti kubwa mara nyingi kuliko ile tuliyokuwa tukiihangaikia nyuma ya kanga kwa siku mbili.

Hata hivyo sijaliuza gitaa langu, na mpwa wangu hunitania kwa hilo. Sababu ninayo. Shingo yake imetulia. Masika yaliyopita shingo ya gitaa la mpwa wangu ilipinda kidogo kwa unyevu na ikabidi ikazwe, ya kwangu haikusogea. Nyuzi zake hubaki zilipo baada ya kuvutwa usiku kucha, na kingo za freti hazinichani kiganja. Mpigaji huvihisi vitu hivi mkononi, na ni rahisi sana kwake kuamini kwamba amevisikia sikioni. Hadhira iliyoko upande wa pili wa ukumbi haishiki shingo ya gitaa. Kama mwandishi wenu angeandika kwamba gitaa la bei kubwa humsumbua mpigaji mara chache zaidi, nisingechukua kalamu.

Vijana wengi wa Tanga husoma ukurasa wenu wa burudani na kisha hukopa fedha kwa ajili ya jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa. Kwa sababu hiyo ninaomba kwamba mwandishi anapoyalinganisha magitaa katika gazeti lenu, aeleze kama ukubwa wa sauti ulisawazishwa, kama nyuzi zilikuwa za umri mmoja, na kama yeye mwenyewe alikuwa akiliona gitaa lililokuwa likipigwa. Sentensi tatu zinatosha. Na yeye binafsi namkaribisha Makorora siku yoyote baada ya swala ya alasiri. Kanga bado zimetundikwa, sarafu ipo, na mpwa wangu hapigi bendi siku za Jumatatu na Jumanne. Aje na gitaa lake analoliamini, tulipimie desibeli kwanza, kisha akae na sisi upande huu wa kanga.

Mpiga gitaa mstaafu,
Makorora, Tanga.